Sura ya Tano: Bei ya Umbali

Habari ya kodi kupanda mara nyingi haiji kwa barua. Mkataba umebakiza wiki tatu, mama mwenye nyumba anapita jioni, anaulizia watoto, anakaa kidogo kwenye kiti cha plastiki, na wakati wa kuaga anasema maisha yamepanda: kuanzia awamu ijayo chumba na sebule itakuwa laki mbili na nusu badala ya laki mbili. Mpangaji anaitikia, "Sawa mama, tutajitahidi." Ongezeko lenyewe ni elfu hamsini kwa mwezi. Lakini Dar es Salaam watu wengi hawalipi kwa mwezi. Wanalipa miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Kwa hiyo usiku ule mume na mke hawahesabu elfu hamsini, wanahesabu milioni moja na nusu inayotakiwa mkononi kabla mkataba haujaisha. Wakisema wahame watafute kwingine, kodi ya miezi sita iko pale pale, na juu yake kuna mwezi mmoja wa dalali, hela ya kuzungushwa kuona vyumba, na kirikuu cha kubebea vitu.

Hapo ndipo mmoja wao anapotamka maneno yaliyojenga mitaa mingi ya jiji hili: kwa hela yote hii, si bora tununue kiwanja?

Kinachomsukuma mpangaji kwenda pembezoni si ukubwa wa kodi peke yake, ni namna inavyolipwa. Mtu anayelipa kila mwezi hulinganisha kodi na mshahara wake. Mtu anayetakiwa kutoa milioni na nusu kwa mpigo hulinganisha mkupuo huo na malipo ya kwanza ya kiwanja cha mita 20 kwa 20 huko Chanika, Vikindu au Mlandizi, na akishalinganisha hivyo, kodi inaonekana ni hela inayotupwa. Utaratibu wetu wa kulipa umegeuza kila mwisho wa mkataba kuwa siku ya kufikiria kuhama.

Haikuwa hivi siku zote. Tanzania ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba, ya mwaka 1984, na mabaraza ambako mpangaji aliweza kumshitaki mwenye nyumba na kusikilizwa. Ilifutwa mwaka 2005. Kabla ya sheria hiyo, Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika mwaka 1990. Lakini hata enzi hizo, mpangaji wa kawaida hakukaa kwenye nyumba ya Msajili. Alikaa kwenye nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma wenye jiko na choo, na mwenye nyumba akiwa kwenye chumba chake mwenyewe cha mbele. Huyo mwenye nyumba aliwajua watoto wa wapangaji kwa majina, na alijua nani kaugua mwezi huu. Kumpandishia mtu kodi huku mnasalimiana kila asubuhi mkipishana kwenda bafuni ni jambo zito, na uzito huo uliwalinda watu wengi.

Ulinzi huo sasa unapungua kila nyumba moja inapouzwa. Mzee anafariki, warithi wako watano, hawaelewani, wanauza. Mnunuzi haji kukaa. Kariakoo anapandisha ghorofa za maduka. Sinza anabomoa na kujenga vyumba vya "masta" vinane, kila kimoja na choo chake ndani na mita yake ya umeme ya Luku, na mpangaji anashughulika na msimamizi tu. Chumba kimekuwa bora, hilo lisemwe. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, kwa nia ya kuwapatia watu wa kipato cha chini kiwanja chenye barabara na maji. Mpango ulikuwa mzuri, barabara zilikaa sawa, na kwa sababu hiyo hiyo Sinza ikapendwa na watu wenye hela zaidi ya wale iliyotengenezewa.

Mpangaji wa leo anabeba pia mizigo isiyo yake. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia Luku: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Ni kodi ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na sijui wangapi wana ujasiri wa kumwambia baba mwenye nyumba arudishe elfu moja na mia tano kila mwezi.

Basi watu wameshajibu swali la kuhama, na majibu yao yamo kwenye sensa. Kati ya 2002 na 2012 idadi ya watu wa Dar es Salaam iliongezeka kwa asilimia 5.6 kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2022, ilipofika watu 5,383,728, kasi ilishuka hadi asilimia 2.1. Ukiishia hapo utadhani jiji limepoa. Sogea kidogo uangalie mkoa wa Pwani unaolizunguka: ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, ukawa na 2,024,947 mwaka 2022. Kasi yake iliruka kutoka asilimia 2.2 hadi 6.1 kwa mwaka. Wapo waliozaliwa huko, wapo waliofuata viwanda vya Kibaha na Mkuranga. Lakini panda daladala la Kibaha saa kumi na moja alfajiri uone wanakoelekea. Jiji limevuka mpaka wake, na wengi wa waliovuka bado wanakula kutokana na mjini.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo familia nyingi huamua kwa hasira ya kodi badala ya kalamu. Nauli na kodi ninazotumia ni za mfano. Msomaji aweke zake.

Tuseme familia inakaa Sinza kwa laki mbili na nusu. Baba anafanya kazi Kariakoo, mama yuko Mwenge. Kila mmoja anapanda gari moja kwenda na moja kurudi, kwa nauli ya 600, ambayo ndiyo iliyoanza kutumika Desemba 2023 kwa safari isiyozidi kilomita 10. Kwa siku 26 za kazi, mtu mmoja anatumia 31,200. Sasa wamepata nyumba Chanika, vyumba viwili na ua, kwa elfu themanini. Kwenye kodi wameokoa 170,000 kila mwezi. Kila mtu atawapongeza.

Kutoka Chanika, bodaboda hadi kituoni tuseme 1,000, gari la kwanza 1,000, la pili 600. Hiyo ni 2,600 kwenda na 2,600 kurudi, yaani 5,200 kwa siku na 135,200 kwa mwezi kwa kila mmoja. Nyongeza kwa kila anayesafiri ni 104,000. Kama ni baba peke yake anayekwenda mjini, familia inabaki na faida ya 66,000. Wakienda wote wawili, nyongeza ni 208,000, na familia ile ile, kwenye nyumba ile ile ya bei nafuu, inapoteza 38,000 kila mwezi. Bado sijaweka maji. Mahali ambapo bomba halijafika, unanunua kwa dumu au unaagiza boza, na lita moja ya maji ya boza haijawahi kuwa rahisi kuliko ya bomba.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwomba mtu anayefikiria kuhama ni kuhesabu wasafiri kabla ya kulinganisha kodi. Kipato kimoja kikihamia huko huko, hesabu inageuka. Mwalimu akipata uhamisho wa shule ya karibu, fundi cherehani akihamisha kibanda, faida inakuwa ya kweli. Wote wakibaki na kazi mjini, kinachookolewa kwa mwenye nyumba kinapelekwa kwa konda.

Halafu kuna muda. Anayetoka Chanika ili afike Kariakoo saa moja na nusu anaamka saa kumi alfajiri, na jioni foleni ya Barabara ya Nyerere haimjali aliyechoka. Akifika nyumbani saa tatu usiku, mtoto wa miaka minne ameshalala. Nimewasikia wazazi wakisema wanamjua mtoto wao Jumapili, na wanasema hivyo bila kulalamika, kama jambo la kawaida. Mimi sikubali kwamba ni la kawaida. Ni sehemu ya bei ya nyumba ile, na kwa kuwa haimo kwenye mkataba hakuna anayeihesabu. Na tuseme wazi kwamba mzigo huu haugawanywi sawa. Baba akifika saa tatu anakuta chakula. Mama akifika saa tatu anaanza kuwasha jiko, na dada wa kazi au binti mkubwa amekuwa mama wa nyumba tangu alasiri.

Kuna watu ambao kwao umbali si nauli wala muda tu, ni kazi yenyewe. Mama lishe wa Manzese hauzi ubwabwa peke yake. Anauza ubwabwa mahali ambapo vijana mia mbili wanapita na njaa saa saba mchana. Wateja wake, mkopo wake dukani kwa Mpemba, kikundi chake cha vikoba, jirani anayemshikia mtoto, vyote viko ndani ya dakika kumi za mguu. Ukimpa nyumba nzuri kilomita thelathini kutoka hapo umemnyang'anya duka.

Hili tuliliona wazi Mabwepande. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi, serikali iliwapa waathirika viwanja huko, kaskazini mwa Kinondoni, nyuma ya Bunju. Nia ilikuwa njema na hatari ya bondeni ilikuwa ya kweli. Watu walikuwa wamekufa. Lakini wengi wa waliopewa viwanja waliviuza au waliviacha, wakarudi mjini, wengine bondeni kule kule. Wakati ule walilaumiwa sana. Walisemwa hawana shukrani, wamezoea mabondeni. Ukikaa na aliyekuwa anabeba mizigo Kariakoo au aliyekuwa anauza samaki wa kukaanga Jangwani utaelewa kwamba hakuikataa nyumba. Alikosa namna ya kula akiwa ndani yake. Linganisha na Magomeni Kota: wakazi wa zamani waliondolewa, wakasubiri karibu miaka kumi, na mwaka 2022 zikafunguliwa nyumba za ghorofa kwa familia 644 pale pale walipokuwa. Kusubiri kulikuwa kurefu mno, na familia 644 ni chache katika jiji la milioni tano. Lakini ni uthibitisho kwamba mtu wa kawaida anaweza kupatiwa nyumba katikati ya mji bila kupelekwa porini kwanza.

Nirudi kwa wale waliosema bora kiwanja, kwa sababu naamini ndio wengi na ndio wenye hoja nzito zaidi. Kwa mtu asiye na mshahara wa kudumu, mkopo wa nyumba wa benki ni habari za gazetini: riba ni kubwa, na anayejiajiri hana karatasi zinazotakiwa. Njia yake ni tofali. Anapata hela kidogo, ananunua tofali mia tatu, anazipanga kiwanjani. Mwaka unaofuata ni msingi. Kisha kuta hadi lenta, kisha anasimama, kwa sababu ada za shule zimeingia au mama kijijini ameugua. Kupaua kunahitaji hela nyingi kwa mara moja, na hapo ndipo mapagale ya jiji letu yanapokwama. Wengi wanahamia baada ya bati tu: madirisha yana nondo na nyavu bila vioo, sakafu ni zege ghafi, umeme bado. Ni kama kuvaa nguo huku fundi bado anaishona. Lakini siku ile ya kuhamia, watu hulia kwa furaha, na wana haki. Hakuna tena atakayepita jioni kukaa kwenye kiti cha plastiki.

Furaha hiyo ni ya kweli na sitaki kuipunguza. Ninachosema ni kwamba aliyehamia kwenye pagale lake na aliyehamia kupanga pembezoni wamefanya mambo mawili tofauti, ingawa wanapanda gari moja asubuhi. Umbali ule ule unamlipa mmoja na kumla mwingine. Tazama kinachotokea lami inapofika. Barabara ya Kimara hadi Kibaha ilipopanuliwa kuwa njia nane, kiwanja cha ndani ndani kilichokuwa hakiulizwi kikaanza kuulizwa kila wiki. Mwenye kiwanja aliyevumilia miaka kumi ya vumbi na tope anaona bei ya ardhi yake ikipanda mara kadhaa. Mpangaji aliyevumilia vumbi lile lile anapokea habari kwamba kodi inapanda, kwa sababu sasa panafikika. Anahama tena, kilomita tano mbele, akaanze upya na boza na bodaboda. Nairobi walipitia haya wakati barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012: Ruiru, iliyokuwa mahali pa kukimbilia kodi, ilifikia watu wapatao 490,000 katika sensa ya 2019, zaidi ya mara mbili ya mwaka 2009, na anayetafuta unafuu leo anaoneshwa mbele zaidi.

Kwa anayenunua, tahadhari ni chache lakini ni za lazima. Kiwanja kimoja huuzwa kwa watu wawili, na aliyewahi kujenga msingi hudhani ameshinda hadi mahakama iseme vinginevyo. Ofisi ya serikali ya mtaa itashuhudia mauziano, lakini muhuri wake si hati, na haukuambii kama eneo limetengwa kwa barabara au shule. Ulizia ofisi ya ardhi ya halmashauri kama pamepimwa na kwa matumizi gani. Waulize majirani, hasa wazee, kuhusu mipaka na maji, kabla ya kumsikiliza dalali. Viwanja vya miradi iliyopimwa, kama ule wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 na kufungua Kibada, Toangoma na Mbweni, vilikuwa ghali kuliko vya kupimiwa kwa hatua za miguu, na waliovinunua wana usingizi ambao wengine hawana.

Kuhama mbali kabisa ni habari nyingine. Treni ya umeme ilianza kwenda Morogoro Juni 2024, safari ya chini ya saa mbili, kwa nauli ya 13,000 daraja la kawaida. Nimesikia watu wakipanga kukaa Morogoro na kufanya kazi Dar. Kwa anayehitajika ofisini mara moja au mbili kwa wiki inawezekana. Kwa anayekwenda kila siku, nauli ya mwezi ni 676,000, na hapo Sinza inakuwa rahisi. Dodoma, tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, haiwezi tena kuhesabiwa miongoni mwa miji ya kukimbilia kodi. Kurudi mkoani kwenu ni uamuzi wa maisha, na wanaofanikiwa ni wale waliotangulizwa na kazi au biashara, si wale waliofukuzwa na kodi.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Hama kama unakwenda kwenye chako, au kama angalau kipato kimoja cha nyumba kinakwenda na wewe. Kama ni kupanga tu, na wote mtaendelea kula kutokana na mjini, pigania kubaki, hata kwa kupunguza. Chumba kimoja Mwananyamala badala ya viwili Sinza, mtaa wa ndani usioingia gari, nyumba ya zamani yenye choo cha nje na mwenye nyumba anayeishi humo: hivi vinadharauliwa na marafiki, lakini vinaokoa muda, vinalinda biashara na vinamwacha mtoto kwenye shule anayotembea kwenda. Na zungumza na mwenye nyumba mapema, mwezi wa nne wa mkataba, si wiki ya mwisho. Mpangaji anayelipa bila kusumbua ana thamani kubwa kuliko anavyojua; chumba kikikaa kitupu miezi miwili, mwenye nyumba amepoteza zaidi ya ile nyongeza ya elfu hamsini. Omba kulipa miezi mitatu mitatu. Wengine watakataa. Wanaokubali ni wengi kuliko wanaoombwa.

Serikali nayo ina la kufanya kabla ya kujenga nyumba hata moja. Siombi sheria ya 1984 irudi kama ilivyokuwa. Kodi ikibanwa mno, nyumba haikarabatiwi, na vyumba vipya havijengwi. Naomba jambo dogo: kikomo cha malipo ya mbele, miezi miwili au mitatu, na baraza la karibu ambalo mpangaji anaweza kwenda bila wakili. Viongozi wa wizara ya ardhi wameshalizungumza zaidi ya mara moja. Likitekelezwa, mume na mke wale watapata kitu ambacho sasa hawana, yaani nafasi ya kufikiri. Wataweza kwenda Chanika Aprili, masika yakiwa yamekolea, waone maji yanapita wapi na bodaboda inaishia wapi, warudi, waende tena siku ya kazi kabla ya mapambazuko, wapande gari lile watakalolipanda kila siku, wapige hesabu yao wenyewe mezani, na waamue kuhama au kubaki bila mtu kuwasubiri mlangoni na mkataba unaoisha Ijumaa.